Kichwa cha Gimbi la Makete

Hapo zamani, Ijumaa ya mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, baridi iliganda juu ya Makete ikaunguza kila jani bichi.

Mwanahamisi alikuwa mjane wa Kombo, seremala wa Pangani aliyemleta kwenye milima ile ya viazi. Kombo alipougua alitamani gimbi la nazi, gimbi la kwao. Alikufa hajalipata. Mwanahamisi akaapa kwamba hitima ya mwaka itasomwa na gimbi litakuwa sahanini, limeota hapahapa alipozikwa.

Shemeji yake Mbwana, ndugu wa Kombo, akaleta mbegu kutoka Pangani, siku mbili kwenye basi, gunia bichi mapajani, suruali imelowa hadi abiria wakamcheka. Mwanahamisi akazipanda kwenye ndoo sita. Asubuhi ndoo nje juani, jioni ndoo ndani jikoni. Asubuhi nje, jioni ndani. Majirani wakamwita Mama Ndoo, wakamuuliza kama leo zimeshanyonya. Alisema bismillahi, akainua ndoo.

Kisha homa ikamlaza. Jirani yake Enelika akaja kumsaidia. Enelika alijua viazi tu. Akaona shina limechomoza, akalifukia kama anavyopandishia viazi udongo. Alipomaliza ndoo moja, udongo ukaisha. Jioni akaziacha zote nje, maana viazi havilali ndani. Alfajiri yake ndipo baridi ile iliposhuka. Magimbi ya ndoo tano yakaoza. Lile lililofukiwa likachipua tena.

Siku ya hitima likavunwa, ukubwa wa ngumi mbili. Likapikwa kwa nazi, kila mtu akapata kipande cha ukubwa wa kidole. Kikabaki kichwa, ambacho ndicho mbegu. Kichwa kimoja, kisichogawanyika.

Mbwana akaeleza kuwa maji ya chumvi yameingia shamba la mama yao, mbegu imekwisha. “Shemeji, hii ndiyo ya mwisho ya ukoo wetu. Nipe niirudishe nyumbani.”

Enelika akasema, “Mama Ndoo, mkono wangu ndio uliolificha.”

“Mkono huohuo uliua matano,” Mbwana akasema.

“Ndiyo. Na bila huo leo mngekula viazi vyangu. Kila mwaka baridi inaniunguzia shamba. Nami nataka kitu kinachoamka.”

Mwanahamisi akakishika kichwa kwa mikono miwili. “Nimebeba ndoo hizi mwaka mzima mnanicheka. Pangani kuna joto, gimbi huota hata bila mtu. Hapa liliambiwa life, likakataa. Nami nimekataa. Kitabaki alipo Kombo.”

Wala hakukiachia.

Je, ninyi mliosikia, nani alistahili kichwa kile? Fikirini bila haraka. Na kabla hamjaanza kubishana, ombeni nami: Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu Kombo, mpanulie kaburi lake, umpe joto lako ndani ya udongo huu wa baridi. Amina.