Chungu cha Bi Mwatumu

Paukwa! Mbona mwaitika kama wenye njaa? Paukwa! Pakawa. Haya, sogeeni karibu na moto. Ya leo haichekeshi, na anayetaka kicheko aende akalale.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa mji mmoja, palikuwa na mji ukiitwa Matongoni. Mbele yake palipita mto, na mto haukuwa na daraja. Lile la zamani lilioza kila mtu akiliona. Ng'ambo alikaa Bibi Kakakuona, mkunga pekee wa nchi ile, mwenye makucha marefu na mkono mwepesi. Kiangazi alivuka kwa miguu. Masika alikaa kwake, akisikia vilio vya upande wa pili.

Mjini humo aliishi mfinyanzi mmoja mjane, Bi Mwatumu, na binti yake wa pekee, Raya. Mwaka huo Raya alikuwa mjamzito, na siku zake ziliangukia masika. Mama mtu alikonda kwa hofu.

Jumbe Ndovu akaitisha baraza. Akasema kila nyumba itoe fungu moja katika kumi la chumo lake, mwaka hadi mwaka, ili daraja lijengwe na mkunga alipwe ahamie mjini. Lakini hakutaka kumlazimisha mtu. Wapige kura kwa desturi yao: anayekubali atie chunguni mbegu ya boga, anayekataa atie kokoto, na mkono uingie chini ya kitambaa cha kaniki kilichofunika chungu ili jirani asimwone jirani. Kazi ya kufinyanga chungu akapewa Bi Mwatumu. Akakifinyanga vizuri, akakitandika sufi ndani, kokoto lisije likalia na kumtia mtu aibu. Ndivyo walivyostahiana watu wale.

Kisha akazunguka kuwaomba majirani. Akaenda kwa Kima mwenye migomba. Kima akamkaribisha, akamuuliza hali ya Raya, akasema, "Jambo jema hilo. Wenzangu wakitoa, nami nitatoa."

Akaenda kwa Nungunungu mwenye mihogo. Nungunungu akalaza miiba yake kwa heshima, akasema, "Jambo jema hilo. Wenzangu wakitoa, nami nitatoa."

Akaenda kwa Mzee Shekue mhunzi. Mzee Shekue akaweka nyundo chini, akasema, "Jambo jema hilo, mwanangu. Wenzangu wakitoa, nami nitatoa."

Bi Mwatumu akarudi nyumbani moyo umetulia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia hapana, jamani. Hata mmoja!

Siku ya kura ikafika, na zamu yake ikafika. Mbegu ilikuwa mkono huu, kokoto mkono huu. Hapo chini ya kaniki ndipo alipoukumbuka mtama wake. Aliupata kwa kuuza vyungu, akauweka ghalani uwe uji wa Raya akishajifungua, mpaka arobaini yake itimie. Fungu moja likitoka, uji hautafika. Na wenzake wote wamekwisha kukubali. Mbegu moja ikikosekana, daraja litajengwa vilevile. Aliwaza hayo tu, basi. Akaachia kokoto, na sufi yake mwenyewe ikalipokea kimya.

Jumbe akakimimina chungu mkekani. Likatoka kokoto. Likatoka kokoto. Likatoka kokoto. Mbegu haikuwamo hata ya dawa. Watu wakautazama mkeka, kisha wakamtazama Bi Mwatumu, kwani walidhani ya kwake angalau itakuwamo. Naye akainamisha uso. Hakuna aliyemlaumu, maana kila mmoja alijua alichotia. Jumbe akakung'uta mkeka akasema mji umeshasema.

Masika yakaingia, mto ukafura. Asubuhi moja Raya akashikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Bi Mwatumu akakimbia ukingoni akimwita mkunga. Bibi Kakakuona akatokea ng'ambo na mkoba wake. Akatia mguu majini, akaurudisha. Akatia mguu majini, akaurudisha. Akatia mguu majini, maji yakamzoa, akaponea mzizi na kujivuta nchi kavu. Basi akaanza kumweleza Bi Mwatumu kwa sauti kubwa jambo la kufanya, amlaze Raya vipi na amkande wapi, na mto ukayameza maneno.

"Sikusikii, bibi," Bi Mwatumu akalia. "Sema tena, sikusikii."

Akarudi nyumbani na nusu ya maneno, na nusu haikutosha. Adhuhuri Raya akafa, na mtoto tumboni.

Sasa, Matongoni, kama hapa kwetu, hakuendwi msibani mikono mitupu. Kima akaja na kikapu cha ndizi, akasema, "Wenzangu wameleta, nami nimeleta." Nungunungu akaja na kikapu cha mihogo, akasema, "Wenzangu wameleta, nami nimeleta." Mzee Shekue akaja na kikapu cha mchele, akasema, "Wenzangu wameleta, nami nimeleta, mwanangu." Ukaja mji mzima. Hakuna aliyewaitisha baraza, hakuna aliyewapigisha kura. Vikapu vikajaa ukumbini, vikajaa uani, vikapangwa njiani mpaka ukingoni, pale pale daraja lingeanzia.

Bi Mwatumu akavitazama kimoja kimoja, mpaka macho yake yakafika majini. Kisha akaingia ghalani, akautoa mtama wote bila kupungua fungu, akawapa wapishi wa matanga. Waombolezaji wakanywa uji wa Raya, wakashiba.

Hadithi yangu inakomea hapo, ukingoni. Daraja mpaka leo halijajengwa.