Lakiri Katika Dirisha la Kibla

Wema waliotutangulia wamepokezana habari kwamba katika nchi ya Gujarati, huko Bara Hindi, aliishi mchonga mawe mcha Mungu, jina lake Ustadh Nizamudini. Mjane wa amiri mmoja, Bibi Zebunisa, alikuwa akijenga msikiti, naye aliweka nadhiri: fundi atakayelikamilisha dirisha kubwa la ukuta wa kibla kabla msafara wa Hija haujaondoka, atasafiri nao hadi Makka kwa mali ya Bibi.

Ustadh alikuwa amevuka miaka sitini, na tangu ujana wake hakuwa na haja nyingine duniani ila Hija. Kwa miaka mitatu alilitoboa bamba moja la jiwe hata likawa mti mzima, matawi yamesukana kama ukili, mwanga ukipita katikati. Zikiwa zimebaki siku tisa, patasi ikateleza. Kitawi cha juu, kinene kama mkono wa mtoto, kikakatika.

Alilia, maskini, kilio cha mtu mzima. Fundi mwenziwe, Musharafu, akamwambia, "Ustadh, unalia nini? Yeyusha lakiri motoni, uichanganye na unga wa jiwe, ukigandishe kitawi, usugue. Msikiti gani hapa mjini hauna lakiri?"

Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mafundi. Ustadh akakigandisha, akasugua, hata yeye mwenyewe akipapasa hauoni mshono. Dirisha likapandishwa ukutani.

Bibi Zebunisa alipoliona alitokwa na machozi. "Allah akulipe, Ustadh. Funga safari." Kisha akaamuru msala wake utandikwe chini ya dirisha lile, pembe ya wanawake, apate kuswali hapo kila alasiri.

Ustadh akautazama msala, kisha akakitazama kitawi. Dirisha lilielekea magharibi, kwani huko ndiko kibla cha Bara Hindi. Jua la kiangazi lingelipiga kila alasiri, na lakiri ikipata joto hulainika. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu palikuwa juu ya kichwa cha mwenye kusujudu. Alijua pia kwamba akifungua kinywa, Makka imempita.

"Bibi," akasema, "usiswali hapo."

Akamweleza yote. Bibi akasema, "Ungenyamaza, ungeiona Al-Kaaba mwaka huu."

"Ningeiona, Bibi. Na ningeizunguka huku masikio yangu yakisubiri jiwe kuanguka Gujarati."

Nadhiri ni nadhiri. Dirisha halikuwa limekamilika, na msafara ukaondoka bila yeye. Ustadh akapanda ngazi, akaking'oa kitawi kwa mkono wake, kisha akaanza bamba jipya. Akalichonga miaka mitatu mingine, vidole vikimtetemeka, bila kunung'unika na bila lakiri.

Siku lilipopandishwa, Bibi Zebunisa alikwenda mwenyewe kumwambia afunge safari. Akamkuta kitandani, hawezi hata kuketi.

"Mimi sifiki tena," Ustadh akasema. "Lakini sasa swali pale, Bibi."

Akafariki kabla ya Ijumaa, Allah amrehemu. Bibi akamtuma mtu mwaminifu akamhijie, na kile kitawi kilichovunjika akakisimamisha kichwani pa kaburi lake, pasipo jina.

Ndugu zangu, nani kati yetu hana ufa alioupaka lakiri? Kabla hujafurahi kwamba hauonekani, tazama ni nani amesujudu chini yake.