Wawili Ndani ya Mfereji

Wenye masikio na wategee, niwape habari za Sultani Ghanimu bin Zahrani, mtawala wa mji wa Shamsina, mji wenye minara ya shaba na mabustani ya mikomamanga, na wenye desturi isiyopata kuonekana kwingine: kila mwaka wa tano raia walitia kete katika mtungi mmoja, kete nyeupe ya kumchagua Sultani na kete nyekundu ya kuwachagua watu arubaini wa Baraza, na zote zilitiwa siku moja kwa mikono ile ile. Basi Sultani akisema, "Mimi ni chaguo la watu," alisema kweli. Na Mkuu wa Baraza, Sheikh Tawakali, akijibu, "Hata sisi," naye alisema kweli. Balaa la Shamsina lilianzia hapo.

Maji ya mji yaliletwa kutoka milimani na jini aitwaye Kahramani, aliyefungwa kwa kiapo kuwatii Sultani na Baraza pamoja. Aliyemsomea amri zao alikuwa Mwanakheri binti Sefu, mlinzi wa mfereji, aliyeirithi kazi hiyo kwa marehemu baba yake.

Mwaka ule Sultani alitaka maji yote yaende magharibi, kwenye mji mpya aliowaahidi raia, na Baraza likataka yote yaende mashariki, kwenye mashamba. Asubuhi akija Ghalibu, tarishi wa Sultani, na waraka wa bwana wake, Mwanakheri akiusoma na jini akiupindua mto magharibi; na adhuhuri ukija waraka wa Baraza, jini akiupindua mashariki, na maji yakaishia jangwani bila kufika huku wala kule. Visima vikabaki tope, wanawake wakashikana mashungi kwa ndoo moja, na yasmini alizozipanda baba yake Mwanakheri zikanyauka zote.

Siku ya thelathini na tisa jini akajibwaga ukingoni, akajipangusa jasho lenye harufu ya kiberiti.

"Ewe binti Sefu," akasema, "nimetumikia masultani saba, na nimehamisha kasri na wenyewe wamelala ndani wasijue, lakini wallahi sijapata kuchoka kama nilivyochoka kwa mto huu mmoja. Na kiapo changu kina sharti: wakubwa wenu wasipopatana siku arubaini, mimi huru. Kesho jua likitua nakwenda zangu, na maji nakwenda nayo."

Mwanakheri akalia, akazikumbuka siku za Sultani Zahrani. Ah, siku zile! Siku zile Sultani na Mkuu wa Baraza walivua viatu wakaketi chini ndani ya mfereji mkavu, magoti yao yakigusana, na jini akaachia maji kidogo kidogo, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka wapatane. Mwanakheri alikuwa mtoto, akikaa ukingoni pembeni ya baba yake, anakula komamanga na juisi inamchuruzika mpaka kwenye viwiko, na hakuna raha aliyoipata maishani iliyoishinda hiyo. Ghanimu alipotawala aliifuta desturi kwa kuyahurumia makubadhi yake ya dhahabu, na watu wa Baraza hawakununa, maana nao waliona haya kulowa mbele ya kadamnasi. Tangu hapo walisemezana kwa nyaraka.

Kulipopambazuka, Ghalibu akaleta waraka. Mwanakheri hakuupokea.

"Mwambie Bwana wetu sisomi tena. Anayetaka maji aje mwenyewe, na avue viatu. Na Sheikh Tawakali mfikishie hayo hayo."

"Dada yangu, utakatwa kichwa!"

"Yafikishe kama yalivyo."

Wakaja wote wawili, wamefura, na mji mzima nyuma yao.

"Nani huyu anayenivua viatu?" akanguruma Sultani. "Mimi nimechaguliwa na watu!"

"Na sisi tumechaguliwa na nani, na mbuzi?" akadakia Sheikh Tawakali.

Mwanakheri akapiga magoti. "Ewe Bwana wetu, Mungu akuzidishie umri, nawe Sheikh wetu, Mungu akuhifadhi. Mimi nilitia kete nyeupe, na nikatia nyekundu. Niliwachagua wawili kwa kuwa sikuthubutu kumwamini mmoja. Sasa nina kiu."

Watu wakaitikia kwa kishindo, "Tuna kiu!" Sultani akawatazama, akainama, akayavua makubadhi.

Wakaketi ndani ya mfereji, na maji yakaja. Yalipofika magotini walikuwa wakitukanana. Yalipofika kifuani walikuwa wakitukanana bado. Na yalipofika juu zaidi, Sheikh Tawakali, aliyekuwa mfupi, akaanza kuyanywa, na Sultani akamdaka kwapani akamwinua kabla hajajua anachofanya.

"Siku tatu kwako," akasema Sheikh akitema maji, "siku tatu kwetu, na Ijumaa ya mji mzima."

"Mji wangu mpya utachelewa miaka."

"Na sisi tutavuna nusu."

Kila mmoja akaumeza uchungu wake. Kisha wakapeana mikono, na jua limebakisha ncha tu. Kahramani akashusha pumzi ndefu, akarudi milimani kazini.

Yasmini hazikufufuka. Lakini Sultani alimpa Mwanakheri nyumba, bustani na heshima, na Ghalibu akaleta posa, wakaoana, na ngoma zikalia siku saba. Na ikawa sheria Shamsina kwamba waliochaguliwa na watu wale wale wasigombane kwa mbali.

Mwaka uliofuata mume na mke waliketi ukingoni. Ndani ya mfereji Sultani na Sheikh walikuwa wameshafikia matusi ya ukoo, na Ghalibu akashika kichwa.

"Mke wangu, na wale wa zamani uliowalilia, walikuwa hivi hivi?"

"Vibaya zaidi," akajibu Mwanakheri, anacheka na machozi yanamtoka. "Baba alikuwa akiniziba masikio."