Milembe Aliyeitikia kwa Sauti Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Watoto, sogeeni. Na ninyi wakubwa msijifanye mnachambua maharage, najua masikio mmeyatega huku.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na shule zao, pimbi walikuwa na yao juu ya majabali. Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, anaishi kwenye nyufa za mawe na anapenda kuota jua. Adui yake mkubwa ni tai. Ndiyo maana shuleni kwao somo lilikuwa moja tu, kukijua kivuli. Hiki kivuli cha wingu, kaa. Hiki kivuli cha kunguru, kaa. Hiki kivuli cha tai, kimbia.

Mwalimu wao aliitwa Gwandu. Mwalimu Gwandu hakushusha macho kutoka angani wakati wa somo. Hata alipoita majina, aliita huku anatazama juu. Akiita jina, mwenye jina huitikia, "Nipo." Akisikia sauti, anakwenda kwenye jina linalofuata.

Katika shule hiyo walikuwapo marafiki wawili, Milembe na Kabula. Wote wawili walikuwa wasichana, wameshaacha utoto lakini ukubwa hawajaufikia. Milembe alikuwa mpole, wa kukaa nyuma. Kabula alikuwa mcheshi, mwepesi, kila mtu alitaka kukaa naye. Milembe alijiuliza moyoni kwa nini Kabula amemchagua yeye, wala hakuthubutu kumwuliza.

Siku moja Kabula akamweleza jambo. Huko chini korongoni, mahali ambapo maji hupita masika tu, tumbili vijana wamepata pa kuchezea. Kuna jiwe limelainika kama sabuni, unateleza fyuuu mpaka mchangani. Kuna na matunda yaliyoanguka yakachacha. Ukila kidogo kichwa kinakuwa chepesi, unacheka bila sababu. Tumbili hukutana huko asubuhi, wakati wa somo, na Kabula alitaka kwenda.

"Mwalimu hatazami, anasikiliza tu," Kabula akasema. "Likiitwa jina langu, niitikie. Wewe si rafiki yangu?"

Majina yalipoitwa, Milembe akaitikia. Kwanza "Nipo" nene, ya kwake. Kisha "Nipo" nyembamba, ya Kabula. Mwalimu Gwandu akaenda kwenye jina linalofuata. Wenzao walitazamana, wakanyamaza. Moyo wa Milembe ulidunda du, du, du, na chini ya woga ule kulikuwa na furaha. Kabula alikuwa amemhitaji.

Kesho yake akaitikia tena. Keshokutwa tena. Ikawa mazoea.

Kuna siku ya mapumziko Milembe naye alikwenda korongoni. Aliteleza, akafurahi sana, siwafichi. Lakini lile tunda lililochacha alilitema. Tumbili wakamcheka, na Kabula akacheka pamoja nao. Jioni ile Milembe alirudi peke yake. Alipomwambia Kabula kwamba amechoka kumwitikia, Kabula akanuna, akasema wapo wengi wanaotaka kuwa rafiki yake. Asubuhi Milembe akaitikia.

Basi ikafika siku ambayo Kabula hakurudi wakati wa chakula. Jua likapita utosini, hakurudi. Mama yake akaenda kwa mwalimu kuuliza. Mwalimu Gwandu akamjibu kwamba Kabula alikuwapo, amemsikia kwa masikio yake akiitikia.

Mama Kabula aliposikia hivyo akaketi chini. Mtoto alikuwa darasani, sasa hayupo. Kwa pimbi jambo hilo lina maana moja. Tai.

Pimbi wote wakapanda kileleni. Wakatafuta manyoya. Wakatafuta damu. Mwalimu Gwandu alizunguka mawe yale yale, akijiuliza kivuli kimempitaje yeye, mwalimu wa vivuli.

Milembe aliyasikia hayo yote. Akachomoka bila kuaga, akashuka korongoni mbio.

Akawakuta tumbili juu ya mti, kimya. Akawauliza. Wakasema Kabula alikula matunda mengi, akateleza vibaya, akanasa kwenye ufa. Walimvuta, akalia, wakaogopa. Hawakutaka kuita mtu, kwa sababu nyumbani kwao hakuna anayejua kwamba huwa wanakuja hapa.

Milembe akamwona. Mguu wa Kabula ulikuwa umebanwa kwenye ufa, chini ya jiwe, pumzi yake inanuka matunda. Milembe akavuta. Hakutoka. Akavuta tena. Hakutoka. Mara huko mbali, upande wa milimani, wakasikia ngurrrr. Wote wawili walijua maana yake. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika korongoni hata kama hapa jua linawaka.

"Nakwenda kuwaita," Milembe akasema.

"Usiwaite. Vuta tena. Ukisema, na wewe utaadhibiwa." Kabula alikuwa analia. "Ukisema, urafiki wetu umekwisha."

Milembe akamtazama. Siku zote zile alikuwa ameitikia ili asiusikie huo mwisho. Sasa ameusikia.

"Basi na uishe," akasema, "ila wewe uwe hai."

Akakimbia. Akapanda jiwe kwa jiwe mpaka kileleni, walipo wazazi wote na watoto wote. Alitamani amvute mwalimu pembeni, amnong'oneze. Hapakuwa na nafasi ya kunong'ona.

"Mwalimu, Kabula hakuja shuleni leo. Anayeitikia jina lake ni mimi. Yuko korongoni, amenasa, na milimani mvua inanyesha."

Mama Kabula hakungoja kusikia zaidi. Alitangulia, wengine nyuma yake. Wakashuka. Wengine wakasukuma jiwe, wengine wakashikana viuno na kuvuta. Vuta. Jiwe likatikisika. Vuta. Kabula akatoka, mguu umepinda. Wakambeba juu. Hawajakaa sawasawa, maji ya rangi ya udongo yakaja, gubu gubu gubu, yamebeba magogo, yakapita pale pale.

Milembe aliadhibiwa, kama Kabula alivyosema. Wenzake walipopumzika kivulini, yeye alikaa zamu juani kulinda. Adhabu hiyo aliivumilia. Kilichomuuma ni maneno ya Mama Kabula, ambaye alimwendea pale juani, akasema taratibu, "Nilipokuwa natafuta damu ya mwanangu kwenye mawe, wewe ulikuwa unajua." Milembe aliinamisha kichwa, na yule mama akasimama naye kitambo kabla ya kuondoka.

Mwalimu Gwandu naye alikiri mbele ya wote kwamba alikuwa akilinda anga akawasahau waliokaa mbele yake. Tangu siku hiyo huwapitia wanafunzi kwanza, mmoja mmoja, halafu ndipo anatazama juu.

Na Kabula? Mguu ulipona, lakini aliendelea kuchechemea. Kwa Milembe hakutoa hata salamu. Wakikutana njiani, anapita upande wa pili. Masika yakaisha hivyo.

Kikaja kipupwe, pimbi wanapoota jua kwa kubanana. Asubuhi moja Kabula akaja akichechemea, akakaa karibu na Milembe.

"Wale tumbili wameniita tena jana," akasema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema siendi. Halafu nikakosa mtu wa kumwambia."

Milembe akasogea kidogo, akampisha penye jua.

Basi watoto wangu, mliofika umri wa kuwa na siri, lishikeni hili. Rafiki akikuomba umdanganyie, jiulize siku akipotea watamtafutia wapi. Ukiona yuko hatarini, sema, hata kama atakuchukia. Afadhali rafiki aliyenuna kuliko rafiki aliyekufa. Na ninyi wa maharage, msitosheke na kusikia sauti ya mtoto. Mtazameni usoni.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeipenda aibebe kwake.