Kilichobebwa na Upepo

Niazimeni masikio, nitawarudishia nikimaliza, ila siahidi kwamba yatarudi safi. Na mwenye moyo mwepesi atoke sasa akaangalie sufuria yake jikoni, maana hadithi hii haikutiwa sukari.

Katika kitongoji chetu cha Mwabulenga waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza aliitwa Mahona, mlinda ndege. Alishinda juu ya dungu katikati ya mashamba ya mtama, akiwafukuza kwelea kwa kombeo na kwa matusi. Kipawa chake kilikuwa macho. Angekaa pale juu akakwambia, "Mbuzi wako wa tatu kutoka nyuma anachechemea," na mbuzi wenyewe wako ng'ambo ya bonde, wewe unaona vumbi tu.

Wa pili aliitwa Lushinge, mrina asali. Kipawa chake kilikuwa kupanda. Watoto wengine hutambaa kwenda mbele. Huyu, mama yake alisema, alitambaa kwenda juu. Hakuna mti uliomshinda, hata mgunga ule mkubwa wenye miiba kama sindano za cherehani, alikotundika mizinga yake ili wezi wakome.

Wa tatu aliitwa Holo. Mumewe aliumwa na nyoka akafa kabla mtoto wao hajazaliwa. Kipawa chake kilikuwa maziwa. Binti yake Sayi alinyonya akashiba, na bado gauni la mama lililowa. Jirani yake Minza, naye asiye na mume, alipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wote wawili, na maziwa yakawa hayawatoshi, Holo ndiye aliyempokea Doto akamnyonyesha. Titi la kulia Sayi, la kushoto Doto.

Wa nne ni mimi, mwenyekiti wa kitongoji. Nilisema watatu, najua, lakini ingekuwa ajabu vipawa vya Mwabulenga vihesabiwe mimi nisiwemo. Kipawa changu ni kichwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini la nne lile la zamani, ambalo leo ukilipima linafika chuo kikuu na chenji inabaki. Na kama ni habari za upepo, msinifundishe. Mwaka fulani kisulisuli kilininyanyua na jembe langu kikanitua ng'ambo ya mto. Nikalima mistari miwili pale kabla hakijanirudisha. Mwenye shamba yupo, muulizeni.

Sasa sikilizeni.

Mwezi wa tatu ulikuja upepo. Haukuua mtu. Uliezua tu, ukatawanya mabati kama mtu anayegawa karata. Asubuhi kitongoji kizima kilikuwa barabarani: hili langu, hapana ni langu, tazama tundu la msumari, tundu gani, mbona na la kwako lina tundu! Watu walifikia kushikana mashati. Kesho yake nikaitisha mkutano kwenye baraza la ghala la pamba, nikatangaza sheria niliyoitunga mwenyewe usiku kucha: "Kilichobebwa na upepo si chako tena. Ni cha aliyekiokota."

Wakapiga makofi. Ugomvi ukaisha siku ile ile. Na kama mabati matano mapya yalikuwa yameanguka uani kwangu, hiyo ni bahati, haina uhusiano na sheria.

Mabati mawili ya Holo yalikuwa yameangukia kwa Minza. Holo akaenda, Sayi mgongoni.

"Hodi, Mama Kulwa."

"Karibu, Mama Sayi. Kama ni mabati, Mwenyekiti ameshasema."

"Nimesikia alichosema. Sikuja kudai, nimekuja kuomba. Niazime mpaka masika yapite. Mtoto analala chini ya mbingu."

"Wangu je? Wao hawalali?"

"Mama Kulwa, huyo Doto wako ananyonya kwangu."

"Ananyonya, na Mungu akulipe. Lakini hesabu mwenyewe. Mimi ninao wawili, wewe unaye mmoja, na upepo umeyaleta mabati kwangu. Upepo unajua kuhesabu."

Holo akarudi. Akaja kwangu. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Alinitazama, halafu akatazama juu, kwenye paa langu lenye mabati ya rangi mbili.

Mvua ikanyesha usiku kucha kwa siku tatu mfululizo. Sayi akashikwa na nimonia. Siku ya tisa tulimzika, na kaburi lilikuwa fupi kama hatua yangu moja. Kuanzia siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Sayi, wakarudia Holo, kama vile mtu anavyorudishiwa nguo ya zamani. Maziwa lakini hayakuhudhuria mazishi. Yaliendelea kuja. Aliyakamua ardhini nyuma ya nyumba, na Doto hakupelekwa tena kwake.

Zikapita siku kumi. Hapo ndipo ulipokuja wenyewe.

Huu haukuwa upepo wa kugawa karata. Ilikuwa saa tisa alasiri. Wingu lilikuwa jeusi, lina tumbo, na kwenye tumbo ukashuka mkonga. Mkonga ule ulitembea. Ulipita kwenye ghala la pamba ukabakiza baraza, ukapita kwa jirani yangu ukamnyonyoa kuku akiwa hai, ukafika kwa Minza.

Minza alikuwa ndani na watoto wake, wa miezi mitano. Kulwa mkono wa kulia, Doto mkono wa kushoto. Paa likaondoka, na upepo ukaanza kumvuta kwenda juu. Mbele yake ilikuwa nguzo ya katikati ya nyumba. Hesabu hiyo si ya darasa la nne, hata la kwanza anaiweza: mikono miwili, vitu vitatu.

Akaishika nguzo.

Doto akaenda na upepo, amefungwa kitenge cha njano.

Mahona alikuwa juu ya dungu. Wenzake wote walikuwa wamesharuka na kujilaza mtaroni. Naye alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi alipoona kitu cha njano kikizunguka angani, na kitu kile kina miguu. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza, mawe makubwa kama mayai ya kanga. Mtu mwenye akili hufunika uso. Mahona hakufunika, maana angefunika angepoteza mahali kinapoangukia. Alikifuata kwa macho, akakifuata, mpaka kikatua. Akapiga kelele zake zile za kufukuzia ndege: "Mgunga! Mgunga wa mizinga! Mtoto yuko juu ya mgunga!" Jiwe likampata kwenye jicho la kulia. Kitu cha mwisho lilichokiona jicho lile ni kitenge cha njano.

Lushinge aliisikia sauti. Akaukimbilia mgunga wake. Radi zilikuwa zinapiga miti mirefu, na kule hakuna mti mrefu kuliko ule. Mzinga mmoja ulikuwa umepasuka, na nyuki waliolowa wana hasira kuliko wakwe. Akapanda, miiba ikamchana toka kifuani mpaka nyayoni, nyuki wakamfumba macho, akapanda kwa kupapasa. Akamkuta Doto amenaswa kwa kitenge kwenye tawi la juu kabisa. Akamtia kwenye mfuko wake wa ngozi wa asali, akamshusha kwa kamba taratibu. Mfuko ulipogusa chini, tawi likavunjika. Lushinge alishuka bila kamba. Mguu ulivunjika mara mbili, na mganga wa mifupa ameshasema: kutembea atatembea, kupanda sahau.

Holo naye alikuwa ameifuata sauti, akawa chini ya mgunga mfuko ulipotua. Akafungua. Mtoto alikuwa wa bluu, baridi kama samaki, halii. Holo aliuona uso ule, akajua ni mtoto wa nani. Msiniambie hakukumbuka mabati. Mimi nilifika pale wakati huo na nilimwona akikumbuka. Alisimama muda wa kuvuta pumzi mbili, labda tatu. Kisha akafungua gauni, akambandika mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mvua ya mawe ikampiga yeye mgongoni, akakamua tone mdomoni, tone lingine, tone lingine. Mtoto akameza. Halafu akalia, na kilio kile kilizidi radi.

Minza tulimfukua jioni. Alikuwa bado ameishika nguzo. Kulwa alikuwa kwenye mkono wake wa kulia, ameshikwa sawasawa, hakuachiwa hata kidogo. Ukuta ulikuwa umemwangukia Kulwa.

Aliyeshikwa alikufa. Aliyeachiwa akapona. Nawaambia, upepo ungekuwa mtu tungeshamfunga.

Tulimzika Kulwa kando ya Sayi. Baada ya siku tatu nikaitisha kikao kwenye baraza la ghala, baraza bila ghala. Mahona alikuja na kitambaa jichoni, Lushinge alibebwa juu ya kitanda cha kamba, Holo akaja na Doto mgongoni. Minza akaja mikono mitupu.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema Minza.

"Mwenyekiti, tukumbushe sheria," alisema Mahona.

Nikakohoa. Nikaitaja. Sauti yangu siku hiyo haikuwa na mbwembwe.

"Basi," Mahona akasema, "mimi ndiye niliyemwona. Bila jicho langu angeozea juu ya mti kama kibuyu. Jicho limekwenda, nipeni mtoto awe jicho langu uzeeni."

"Kuona siyo kuokota," alisema Lushinge pale kitandani. "Hata mwewe huona. Sheria inasema aliyekiokota. Ni mikono ipi iliyomtoa kwenye miiba? Nipeni, aje aniletee maji, maana mimi sina mguu wa kuyafuata. Na siku akiolewa, ng'ombe wa mahari mnajua zizi lao."

"Tazama huyu, mtoto hajaota jino anamhesabia ng'ombe!" alifoka Mahona.

"Wewe si umemhesabia uzee wako?"

"Mliitoa maiti mtini," alisema Holo polepole. "Mmoja aliiona maiti, mmoja akaishusha. Aliyeokota mtoto ni mimi."

Minza alipiga magoti. Si kwangu, kwa Holo.

"Mama Sayi," alisema. Hilo jina lilikuwa halijatamkwa tangu mazishi. "Mama Sayi, nirudishie. Nimebaki naye mmoja tu."

Holo aliikaza mbeleko ya Doto.

"Upepo umehesabu upya," alisema.

Hapo Minza akafanya kosa ambalo ni mtu wa Mwabulenga tu angelifanya, mtu aliyeishi chini ya sheria yangu mpaka ikamwingia kwenye damu. Alisimama, akanigeukia mimi, akatetea kesi.

"Mwenyekiti, sheria inasema kilichobebwa na upepo. Upepo haukumchukua huyu mtoto. Nilikuwa nimemshika vizuri. Ni mimi niliyemwachia! Nilifungua mkono wangu mwenyewe, niishike nguzo. Kwa hiyo sheria haimhusu. Ni wangu."

Lo! Ungesikia baraza lile. Mama mmoja alifunika masikio ya mtoto wake.

"Umesikika," alisema Lushinge. "Bati linalong'olewa na upepo lina mwenyewe anayelilia. Lililotupwa na mwenyewe halina hata wa kulilia."

"Wewe ungeshika nini?" Minza alimpigia kelele. "Sema! Ungeshika nini, Lushinge?"

Lushinge aliuinamia mguu wake, akaanza kukaza bandeji.

Doto akaanza kulia, njaa ya kawaida ya saa sita. Nikaona kitu ambacho sikukitaka. Gauni la Holo likalowa kifuani. Na hapo hapo, bila mtu kumgusa, gauni la Minza nalo likalowa. Mtoto mmoja analia, wanawake wawili wanachuruzika, na watu wote wananitazama mimi.

Nikasema nitatoa hukumu kesho, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Nikaondoka haraka kama mwenye haja.

Sasa jamani, nimewaeleza kila kitu, nisaidieni. Kwenda kwa Minza hata kumpa pole nashindwa, maana sijui nimwiteje. Nikimwita Mama Kulwa, namwita kwa kaburi. Nikimwita Mama Doto, nimeshahukumu. Nikimpa Mahona, nimelipa jicho kwa mtoto wa mtu. Nikimpa Lushinge, ni hivyo hivyo, nimelipa mguu. Nikimpa Holo, sheria imesimama, na mama mwenye mtoto hai atalala na mikono mitupu. Na nikimrudishia Minza, nimesema mbele ya watu kwamba kilichobebwa na upepo hurudi kwa mwenyewe. Basi kesho asubuhi mabati yote yatembee. Matano yatoke kwangu. Mawili yaliyokuwa kwa Minza yatafutwe yarudi kwa Holo, yaezeke nyumba isiyo na mtoto. Na Holo ataniuliza swali moja tu: kama yangeweza kurudi, mbona hayakurudi Sayi akiwa hai?

Wingu limeanza tena kuota tumbo kule mashariki. Ng'ombe wanatoka kesho kama kawaida.

Wewe uliyekaa hapo ukinisikiliza, mtoto huyu ungemkabidhi nani? Jibu. Ila kabla hujafungua mdomo, inua kwanza macho uangalie juu ya kichwa chako, uniambie bati hilo unalolalia chini yake liliangukaje kwako.