Jezi Iliyobaki Begini

Kocha mmoja, Ambakisye, alikuwa na washambuliaji walioogopwa na wilaya nzima. Winga wa kulia alikuwa na mbio, wa kushoto alikuwa na chenga, na katikati alisimama Lusajo, ambaye akipata mpira mbele ya goli, kipa anajua yamekwisha. Shida ilikuwa mtu wa kuwalisha mipira, yule avaaye jezi namba kumi.

Walikuwapo wawili. Gwamaka alipiga pasi ndefu za kupasua ngome, lakini siku nyingine aliwagawia wapinzani. Tito hakupoteza mpira, ila alicheza kwa uoga, pasi za nyuma na za pembeni. Mechi ya mwisho ilikuwa inakuja, na timu ikifungwa inashuka daraja. Mji ukagawanyika. Kinyozi alimtaka Gwamaka, mama lishe akamtaka Tito, na mzee wa kanisa, jamani, alimfuata kocha mpaka mlangoni kwake baada ya ibada. Ambakisye akaogopa. Akimfikiria Gwamaka, anaona mpira uliopotea. Akimfikiria Tito, anaona washambuliaji wake wamesimama tu.

Desturi ya timu ile, jezi namba kumi hukabidhiwa mbele ya wachezaji wote kwenye mazoezi ya mwisho. Unaifua mwenyewe nyumbani, unakuja nayo uwanjani. Safari hii kocha hakuikabidhi. Alisema atatangaza kesho. Kisha, msicheke, akamwita Gwamaka pembeni akamnong'oneza kwamba yeye ndiye. Akamwita na Tito, akamnong'oneza hayo hayo. Kesho yake akawaanzisha wote wawili, kila mmoja na namba nyingine, na ile jezi akaiacha kwenye begi lake. Akajiona ana hekima, maana kila mmoja alidhani kazi ni yake, na hakuna aliyenuna.

Mechi ikaanza. Kila mpira uliofika katikati waliukimbilia wote wawili wakagongana, au wakaachiana. Gwamaka anainua kichwa apige, Tito ameshauomba. Winga akikimbia, mpira hauji; akisimama, ndipo unapigwa. Lusajo alinyoosha mkono mpaka ukachoka. Wapinzani, timu ya kawaida kabisa, walipata kona wakafunga. Ikaishia hapo, na timu ikashuka.

Watu walipoondoka, Ambakisye alibaki kwenye benchi, begi mapajani. Lusajo akaja, matope magotini.

"Kocha, mbio tulikuwa nazo," akasema. "Hukutuambia tumtazame nani."

Kocha alifungua begi akaikuta jezi imekunjwa vizuri, haina hata tone la jasho.

Sasa nisikilizeni. Gwamaka angeweza kukosea. Tito angeweza kuogopa. Pengine wangefungwa vilevile. Mimi sijui, na Ambakisye naye hatajua kamwe, na hilo ndilo linalomtafuna. Nanyi ndugu zangu, miguu Mungu amewapa, tena yenye mbio. Lakini mmewaahidi wawili kitu kimoja, mkaogopa kusema jina moja mbele za watu, mkauita uoga huo amani. Wewe uliyeinamisha kichwa pale nyuma, kipenga cha mwisho kikishalia, hiyo jezi utampa nani?