Likizo ya Nguchiro, Mji na Mlima

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mizigo?
— Imefungwa!
— Watoto?
— Wamenawa nyuso!
— Njia?
— Unayo wewe mdomoni, tangulia!

Haya, natangulia, nifuateni. Anayetaka kusinzia asinzie kwenye mteremko, asisinzie kwenye mlima.

Zamani, tena zamani ya karibu tu, aliishi nguchiro mmoja jike, jina lake Sikudhani. Alikaa ndani ya kichuguu kikuukuu huko mbugani, yeye na mumewe Mwinjuma na watoto wao watatu. Mwaka huo kiangazi kilikuja na meno. Jua liliwaka mpaka mchwa wakahama, majani yakawa yanalia kacha-kacha yakikanyagwa, na ndani ya kichuguu mlikuwa kama ndani ya tanuri ya mkate.

Asubuhi moja Sikudhani akasema, "Tunakwenda likizo."

Mwinjuma akafumbua jicho moja. "Likizo ni kulala. Mimi nimeshafika."

"Twende mjini!" akasema mtoto wa kwanza. "Tukaone taa!"

"Twende mlimani!" akasema wa pili. "Tukaone baridi!"

Wa tatu, kitinda mimba wao Kidawa, akasema, "Twende kwa Bibi," maana Bibi alikuwa anamsikia tu, hajapata kumwona.

Sikudhani akachora mchangani kwa ukucha. Duara hapa, mji. Pembe pale, mlima. "Siku tano mjini kwa shangazi yenu, chini ya ghala la mahindi. Siku tano mlimani kwa Bibi. Vyote viwili, na ugomvi basi."

Aliyasema kwa wepesi, lakini moyoni alikuwa na lake. Tangu masika mama yake alikuwa amemtumia salamu: Mwanangu, magoti yangu hayashuki tena. Niletee huyo mdogo nimnuse, kabla pua nayo haijazeeka.

Sasa, maneno ya likizo hayajui kunong'ona. Nyuma ya kichuguu, kivulini, alikuwa amejilaza Fisi, na Fisi akilala masikio hubaki macho.

"Hodi!" Kabla hajaambiwa karibu, kichwa kilishaingia mlangoni. Mwili ulibaki nje, haukuenea.

"Shikamoo, Mzee Fisi," akasema Sikudhani.

"Marahaba. Nasikia kuna safari. Nami nimo. Watoto wadogo njiani wanahitaji mlinzi." Akawatazama watoto mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetazama maandazi kwenye sinia. Mate yakamdondoka, to!

Hapo Mwinjuma akaamka kabisa. Mbuga nzima ilijua yaliyompata Kanga. Mwaka wa nyuma Kanga alisafiri na vifaranga saba, Fisi akiwa mlinzi, akarudi na watano. Fisi akaapa kwamba wale wawili wameupenda mji, wamebaki huko huko.

Utamkataliaje mgeni aliyeziba mlango kwa kichwa chake? Lakini Sikudhani akacheka.

"Mzee, umetuheshimu. Ila mlinzi hafuati nyuma, mlinzi hutangulia. Na anayetangulia ndiye anayekula kilichonona. Mjini kuna machinjio. Mlimani ni msimu wa harusi. Utatangulia wapi?"

Fisi akawaza. Alipowaza mji, akasikia harufu ya mlima. Alipowaza mlima, akasikia harufu ya mji. "Mji! Hapana, mlima! Hapana, mji! Mli... mji! Natangulia mjini. Nitawangoja."

"Safari njema, mzee."

Huyooo! Tifu-tifu-tifu, vumbi likafunika njia.

Sikudhani akafuta mchoro wake kwa mkia, akachora mwingine. "Mlima kwanza," akasema. "Mwinjuma, beba mtoto."

Kati ya mji na mlima zilikuwapo njia mbili. Moja ilikuwa barabara kubwa, inayozunguka na kuzunguka kama mlevi anayetafuta kwake. Ya pili ilikuwa mfereji uliochimbwa na watu wa zamani, unaoshuka moja kwa moja. Maji hufunguliwa kwa zamu, Jumatano tu. Siku nyingine huwa mkavu. Katikati ya safari mfereji hupita chini ya barabara, ndani ya kalavati, lile bomba nene la saruji. Nguchiro anapita humo bila kuinama. Fisi aliyeshiba anaingiza pua tu.

Basi wakapanda kwa mfereji, tiki-tiki-tiki, mpaka wakaufikia ukungu. Watoto wakapuliza pumzi, ikatoka kama moshi, wakacheka hadi wakaanguka. Bibi alikuwa kwenye ufa wa mwamba, amekunja magoti. Akamvuta Kidawa, akamnusa kichwa, akamnusa shingo, akamnusa tena kichwa.

"Pua ya marehemu babu yako," akasema. Kisha akageuka upande, akawa anatafuta kitu ambacho hakikupotea.

Wakakaa siku tano. Wakala konokono wa mlimani, wakateleza kwenye majani mabichi, wakalala wamelundikana. Mwinjuma hakufanya lolote, na akasema hajapata likizo nzuri kama ile.

Siku ya tano, bondeni kulikuwa na harusi. Wenye harusi wakachinja fahali. Juu ya mwamba akatua Kunguru, ambaye hajawahi kumeza siri hata moja. Zote humtoka kabla hazijafika kooni.

"Mwenzangu Kunguru," akasema Sikudhani, "umeyaona mafupa yale? Makubwa kama kuni! Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi," akasema Kunguru. Kraa! Huyo, mjini.

Huko mjini Fisi alikuwa nyuma ya machinjio, anakula, anangoja, anahesabu vidole. Kunguru akatua. "Usimwambie mtu. Mlimani kuna mafupa kama kuni, na akina Nguchiro wako huko huko."

"Huko huko!" akanguruma Fisi. Akaiacha kwato aliyokuwa akiitafuna, akashika barabara. Tifu-tifu-tifu, kuzunguka na kuzunguka. Wakati huo huo Nguchiro na watu wake walikuwa mferejini, tiki-tiki-tiki, wanashuka.

Fisi akafika mlimani. Mafupa hakuna, mbwa wa harusi wamebeba. Akapiga hodi kwenye ufa wa mwamba, na ufa haukumtosha hata ukucha.

"Wameondoka, baba," akajibu Bibi kutoka ndani. "Wamekwenda mjini. Mmepishana."

Mjini, chini ya ghala, shangazi aliwapokea kwa vifijo. Watoto wakaona taa zikiwaka zote kwa mpigo, pwa! Wakasikia muuza samaki akigombana na mnunuzi, wakajifunza matusi mawili. Siku ya pili ilikuwa siku ya gulio. Kunguru akapita.

"Mwenzangu Kunguru," akasema Sikudhani, "leo machinjioni vichwa vimelundikwa kama matikiti. Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Mdomo wangu kaburi." Kraa! Huyo, mlimani.

Fisi akashuka. Tifu-tifu-tifu. Akafika, wafagiaji wameshafagia. Akaketi anahema, ulimi nje, na Kunguru akatua. "Usimwambie mtu. Mlimani leo wanampeleka bibi harusi kwa mumewe. Wamechinja mbuzi wanne."

"Na Nguchiro?"

"Ya Nguchiro sijaambiwa."

Fisi akapanda. Tifu... tifu... tifu. Alipofika, mbuzi walikuwa supu, na supu ilikuwa imekwisha. Akashuka. Tifu... ti... fu. Akapanda. Ti... fu. Na kila jambo aliloambiwa lilikuwa kweli tupu. Ila ukweli ule ulikuwa na miguu myepesi kuliko yake. Mbavu zikaanza kuhesabika. Watu wa barabarani wakamzoea, wakawa wanasema, "Yule anashuka, basi ni saa nne."

Siku ya tano ya mjini watoto walitaka wamuage Bibi kabla ya kurudi mbugani. Shangazi alikuwa ameokota kipande cha blanketi la sufu. "Mpelekeeni akatandike kwenye ufa," akasema. "Magoti yale na baridi ile haviendani."

Sikudhani akasita. Akaufikiria mlima, akayafikiria magoti ya mama yake. Akazihesabu siku: ilikuwa Jumatano, asubuhi bado, maji hufunguliwa jua likisimama. "Tukienda upesi, tutawahi," akasema.

Lakini siku hiyo Fisi, kwa mara ya kwanza katika ukoo wake, alikuwa amepata wazo. Alipofika katikati ya njia, juu ya kalavati, aliketi. "Sipandi," akasema. "Sishuki. Atakayepita atanikuta."

Chini yake, ndani ya bomba, Nguchiro watano wakasimama kama mawe. Walisikia pumzi yake. Walisikia tumbo lake, guruguru. Mwinjuma akashika mkia wa mkewe. Wangepita, kama si sufu ya blanketi lile. Ilimwingia Kidawa puani.

"Chwi!"

Kikafuata kishindo. Kisha mwanga wa upande wa juu ukazimika, na mahali pa mwanga pakawa na meno.

"Nimewapata!" akasema Fisi. Na kwa kuwa alikuwa amekonda, safari hii hakuingiza pua tu. Aliingiza kichwa, akaingiza shingo.

"Rudi nyuma," Sikudhani akamnong'oneza mumewe. "Watoe kwa mdomo wa chini. Wapande ukingoni." Yeye akabaki.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Pole na ulinzi."

"Ulinzi gani! Nikipanda, mafupa yameshuka! Nikishuka, mafupa yamepanda! Siku ngapi sijala! Njoo karibu!"

"Mzee wangu, mdogo hamsogelei mkubwa, ni kukosa adabu. Mkubwa ndiye husogea."

Fisi akasogea. Gu! Bega moja likaingia. Meno yakafunga, kap! mbele ya pua ya Sikudhani kwa upana wa kidole.

"Karibu zaidi, mzee."

Gu! Bega la pili. Kap! Safari hii alimng'oa udevu mmoja. Alipotaka kusogea tena, hakusogea. Alipotaka kurudi, hakurudi.

"Nguchiro," akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Nimebana."

"Ndiyo, mzee. Naona."

"Nivute."

"Mimi wa kukuvuta wewe? Ngoja wenye nguvu."

Kutoka mlimani ukaja mlio, mwanzo kama watu wanaonong'ona, kisha kama watu wanaogombana. Shwaaaa! Sikudhani akageuka akakimbia, hakuwahi kukimbia vile tangu azaliwe, akatoka mdomo wa chini na kurukia ukingoni, Mwinjuma akamdaka kwa shingo.

Maji yakamkuta Fisi ameyapa mgongo. Yakajaa nyuma yake, yakajaa, yakajaa. Kisha... PWAAA! Akatoka upande wa pili kama kizibo cha chupa, akawapita watoto wa Nguchiro macho yamemtoka, wakampungia mkono. Mfereji ukamchukua, chubwi-chubwi-chubwi, ukamtua kwenye bwawa la mjini, mbele ya kina mama wanaofua. Waliyomfanyia kwa ndoo na fimbo msiniulize.

Nguchiro wakapanda kwa ukingo. Blanketi lilikuwa limelowa, wakalianika juu ya mwamba, na jioni Bibi akalala juu yake na Kidawa ndani ya kwapa. Sikudhani hakulala haraka. Alikaa akipapasa mahali udevu ulipong'oka, akimsikiliza mama yake akikoroma, na akaona kwamba kelele ile ndiyo iliyomleta.

Walirudi mbugani mvua za kwanza zilipodondoka. Majirani wakawauliza, "Likizo vipi?"

"Nzuri," akasema Mwinjuma. "Tumelala."

Fisi alirudi baadaye, mbavu nje, anachechemea. Majirani wakamzunguka. Akajikohoza.

"Mlima nimeupanda mara tatu. Mji nimeufikia mara nne, na mara ya mwisho nilikwenda kwa maji. Nani kati yenu amesafiri kama mimi?"

Wakamwita Msafiri, na jina hilo hakulikataa.

Na funzo lake ni hili, mlishike vizuri: mwenye likizo na asikae mahali pamoja, akimbie, apande, ashuke, aone yote, maana ndiye atakayepewa jina. Na Kunguru ni mfano wa kuigwa kwa kutunza siri.

Hadithi yangu imefika stendi. Anayeshuka ashuke, anayebaki alipe nauli.

— Tumeshuka!